Kolesteroli Haipimwi kwa Miligramu

Mwanafunzi wa uzamili aliyeko Arusha ameniandikia wiki hii. Alipima miligramu 10 za DPPC, ambayo ni fosfolipidi (mafuta yenye kichwa kinachopenda maji na mikia miwili inayoyakimbia), na miligramu 10 za kolesteroli, "nusu kwa nusu", atengeneze liposomu, yaani vifuko vidogo vya utando ndani ya maji. Badala ya maji meupe yaliyotulia, amepata chembe zinazong'aa zikituama chini ya kichupa. Anauliza kama ameuziwa kolesteroli mbovu.

Mdogo wangu, kolesteroli yako ni nzima. Kilichoharibika ni hesabu. Moli moja ya DPPC ina gramu 734, ya kolesteroli gramu 386.7. Miligramu 10 za DPPC ni mikromoli 13.6, za kolesteroli ni mikromoli 25.9. Hapo kolesteroli ni karibu asilimia 66 ya molekuli zote, na huo ndio ukingo wenyewe: ukiuvuka, utando wa aina hii haupokei tena, kolesteroli inajitenga na kuganda kuwa fuwele. Mizani ikikosea kidogo tu, umeshatumbukia.

Kwa nini kuna ukingo? Kolesteroli ina kikundi kimoja kidogo tu kinachopenda maji, kile cha OH, nacho hukaa jirani na vifungo vya esta vya fosfolipidi. Sehemu iliyobaki, yaani pete nne ngumu na mkia mfupi, inakimbia maji. Kichwa kipana cha fosfolipidi huifunika kama mwavuli. Wakijibanza wengi chini ya miavuli michache, wengine watalowa, na kolesteroli hailowi: inatoka na kujikusanya yenyewe. Ukiielewa picha hii hutahitaji kukariri namba nyingi.

Zile pete ngumu ndizo zinazofanya kazi kubwa. Zinalala sambamba na sehemu ya juu ya mikia ya mafuta. Utando ukiwa wa moto na mikia inachezacheza, pete huinyoosha na kuibana. Utando ukiwa wa baridi na mikia imejipanga kama kuni zilizofungwa, pete huingia katikati na kuvuruga mpangilio. Kwa hiyo anayefundisha kwamba "kolesteroli hukaza utando" amefundisha nusu, na nusu hiyo inawapoteza vijana maabara. Chukua DMPC, fosfolipidi nyingine, ambayo hubadilika kutoka kuganda hadi kulainika kwenye nyuzi 24. Asubuhi ya Julai mjini Arusha, chumba kisicho na joto kinaikuta imeganda. Mchana wa Februari mjini Moshi inalainika pale pale mezani. Lipidi ileile, majibu mawili. Kolesteroli ikifika asilimia 30 ya molekuli zote na kuendelea, ule mruko wa ghafla unafifia, na utando unakuwa wa kati: umepangika lakini molekuli bado zinatembea.

(Wengi wakisikia kolesteroli wanawaza nyama ya mafuta na presha. Utando wa chembe nyekundu za damu yako una karibu molekuli moja ya kolesteroli kwa kila fosfolipidi. Bila hiyo haungestahimili.)

Sasa kazi. Kwa asilimia 30, miligramu 10 za DPPC zinataka miligramu 2.26 za kolesteroli. Kwa asilimia 40, miligramu 3.51. Usijaribu kupima 2.26 kwenye mizani. Yeyusha kolesteroli kwenye kloroformu, miligramu 10 kwa mililita, kisha chukua mikrolita 226 kwa sindano ya kioo. Ncha za plastiki ziache: kloroformu hunyonya uchafu wa plastiki na kuuingiza kwenye utando wako. Funika kichupa mara moja, maana kloroformu inayoruka huacha mchanganyiko mzito kuliko ulivyoandika kwenye lebo. Na kichupa kikitoka kwenye friza ya nyuzi -20, kiache kipate joto la chumba ndipo ukifungue. Msimu wa masika ukikosa subira hapo, unyevu unaingia wote.

Kausha kwa naitrojeni ukiwa kwenye nyuzi 45 hadi 50, halafu weka kwenye pampu ya kunyonya hewa kwa saa 2 au zaidi; usiku kucha ni bora.

Hatua inayoharibu kazi za wengi ni kuloweka. DPPC hulainika kwenye nyuzi 41, basi bafa (maji yenye kemikali za kutuliza kiwango cha asidi) iwe na nyuzi 50 kabla haijagusa lipidi, na ibaki hapo dakika 30 hadi 60 huku ukitikisa. Umeme ukikatika katikati, joto likashuka, utapata mabonge ukadhani ni fuwele. Weka chupa ya chai yenye maji ya nyuzi 50 karibu, utumbukize kichupa humo. Kisha sukuma kutoka sindano moja hadi nyingine kupitia chujio la nanomita 100, kifaa kikiwa cha moto, mara 11. Namba iwe witiri, ili mzigo uishie kwenye sindano ya pili, usichanganyike na mabaki ambayo hayakupita.

Mchanganyiko wako wa kwanza, ule wenye chembe, usiuchuje ukautumia: fuwele zikibaki juu ya chujio, hujui tena kiasi cha kolesteroli kilichopita. Kama ulitumia maji matupu, kausha kabisa, yeyusha upya kwenye kloroformu, ongeza miligramu 18.5 za DPPC, utakuwa kwenye asilimia 40. Kama ulitumia bafa yenye chumvi, mwaga uanze upya.