Malipo ya duka la mikoba: usikimbilie benki

Dada, umesema unauza mikoba ya ukili kutoka Dar, wateja wengi wako hapa nchini na wachache Ujerumani, na hujui uanze na benki au kampuni ya malipo ya mtandaoni.

Anza na kampuni. Benki itakuzungusha na makaratasi, na kwa mauzo yako ya sasa huna haja hiyo. Pesapal au Selcom, kwa mfano, mkataba mmoja unakuwezesha kupokea pesa za simu na kadi za Visa na Mastercard. TIN na leseni ya biashara utaombwa kote kote, ziweke tayari.

Watu wengi huuliza makato ni asilimia ngapi, basi. Mimi huuliza kwanza: pesa inaingia kwenye akaunti yangu lini? Niliwahi kufuata makato madogo, fedha zikawa zinakaa wiki mbili. Msusi anadai, ukili umeisha, nami natazama salio nisiloweza kuligusa!

Kadi za nje zina mtego wake. Mteja anaweza kupinga malipo kwenye benki yake hata baada ya miezi, na anayekatwa ni wewe. Tunza risiti ya kila kifurushi, yenye namba ya kufuatilia, na usikubali kadi ambayo mwenyewe hajaithibitisha kupitia benki yake, kwa mfano kwa namba ya siri ya mara moja anayotumiwa wakati wa kulipa.

Ukishaunganishwa, nunua mkoba wako mwenyewe kwa simu, kisha jirudishie pesa. Hapo utajua kama huduma kwa wateja wanapokea simu.