Mungu asiyesemeka na mtawala anayemsemea

SWALI: Wafuasi wa teolojia ya kukanusha husema Mungu hasemeki, tunajua asivyo, hatujui alivyo. Je, imani hiyo haimnyang'anyi mtawala dai la kutawala kwa niaba ya Mungu?

JIBU: Humnyang'anya cheo kimoja, na huweza kumwachia kingine.

Tazama kwanza ukanushaji unavyokwenda. Unasema "Mungu anaona". Kisha unakanusha: haoni, kwani kuona ni kwa viumbe. Halafu unakanusha tena: wala si asiyeona. Ukanusho huu wa pili ndio aliousisitiza Abu Yaqub al-Sijistani, mwanazuoni wa karne ya 10 wa Kiismaili (tawi la Ushia katika Uislamu), na ndio unaorukwa na wengi. Anayeishia ule wa kwanza amemweka Mungu safu moja na roho na akili, ambazo nazo hazina macho.

Sasa siasa. Enzi za al-Hakim (996–1021), khalifa wa dola ya Kiismaili ya Wafatimi, walizuka Cairo watu waliosema khalifa huyo ndiye Mungu. Aliyewapinga kwa maandishi hakuwa adui wa dola. Alikuwa mwanazuoni wake mkubwa, Hamid al-Din al-Kirmani. Kama Mungu hafikiwi na sifa yoyote, khalifa mwenye mwili atakuwaje yeye? Ni mja. Lakini al-Kirmani huyohuyo alitetea uimamu, yaani cheo cha khalifa kama kiongozi wa dini wa waumini, kwa nguvu zote: Mungu akiwa mbali hivyo, watu wanahitaji wa kuwaongoza. Khalifa akashushwa kwenye uungu, akabaki mlangoni kama bawabu wa njia ya kumwendea Mungu.

Kwa Wakristo mambo ni ya ajabu zaidi. Mwandishi wa mnamo mwaka 500, aliyejificha nyuma ya jina la Dionisio wa Athene, mfuasi wa Mtume Paulo, anakanusha kila kitu: Mungu si giza wala nuru, si uongo wala kweli. Na ndiye aliyeunda neno "hierarkia", yaani mpango mtakatifu wa ngazi za vyeo! Katika barua yake ya nane anamkaripia mtawa Demofilo, aliyemfukuza mwenye dhambi aliyekuja kutubu na kumtukana padri aliyempokea. Hata kama padri amekosea, anasema, si kazi ya mtawa kumsahihisha. Ni ya walio juu ya padri.

Kwa hiyo ukisoma mwandishi yeyote wa aina hii, usiishie kwenye kurasa za ukimya. Fungua zile anazoeleza nani amruhusu nani kusema. Kwa Dionisio, hizo ndizo nyingi: kitabu chake cha ukanushaji kina sura tano fupi tu.