Mkeo hana wivu, anaikumbuka sauti yako

*Shikamoo Shangazi. Mimi ni mwanamuziki wa miaka 31. Kwetu ni Paidha, kaskazini-magharibi mwa Uganda, lakini sasa naishi Kawempe, Kampala. Mke wangu ananivunja moyo. Nikimpigia wimbo mpya anasema, "Huyu anayeimba simjui." Wenzangu wa studio wananisifu, wanasema nasikika kama Mnigeria kabisa. Sasa nahitaji milioni 2 za video. Yeye ana akiba ya biashara yake ya samaki na amekataa kunipa. Amenuna pia kwa sababu niliuza adungu, kinubi cha kwetu, ya zamani niliyopewa na baba yake, iliyokuwa imekaa tu nyumbani. Nadhani anaogopa kwamba nikipata jina nitamwacha. Nifanyeje?*

Marahaba mwanangu. Kazi ya mikono yako ikikataliwa na mtu unayelala naye chumba kimoja, inauma. Pole. Sasa nisikilize.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nimekwama palepale: "iliyokuwa imekaa tu nyumbani." Gogo lililochimbwa, ngozi iliyowambwa, mkono uliopinda kama upinde na vigingi vya kukazia nyuzi, kitu hicho hakikai tu. Kule kwenu adungu hupigwa kanisani, hupigwa harusini. Mzee akimpa mkwe wake chombo kama hicho, amempa binti na amempa sauti ya ukoo. Wewe ukakitafutia mnunuzi. Tena hukuandika popote kwamba ulimuuliza mkeo kwanza. Ungekuwa umemuuliza ungeniambia, maana hakuna jema lako hata moja ulilolisahau.

Kwa hiyo mama huyu ameingia nyumbani kwake jioni, ananuka samaki, miguu imevimba, akatazama ukutani akakuta msumari mtupu. Wewe unaita hiyo kununa?

Mimi niko upande wake, na sitakuficha. Habari ya wivu na kuachwa umeileta wewe, yeye hajasema hivyo. Alilosema ni moja: "Huyu anayeimba simjui." Hilo si tusi. Ni neno la mtu aliyeijua sauti yako kabla hujajua njia ya kwenda studio, na sasa anaitafuta haioni.

Wenzako wanakusifu kwa kufanana na Mnigeria. Wanamsifu Mnigeria, mwanangu. Wewe hawajakusikia bado. Na hao Wanigeria unaowafuata, wanaimba Kiyoruba chao, Kiigbo chao na pijini ya mitaani kwao bila kuomba radhi, hadi dunia nzima ikawafuata. Umeiga koo lao, ukaacha kuiga ujasiri wao. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Unamjua Geoffrey Oryema, yule mwanamuziki wa Uganda? Baba yake, aliyekuwa waziri, aliuawa mwaka 1977 wakati wa Idi Amin, na kijana akavushwa mpaka amefichwa ndani ya buti ya gari. Baba huyo ndiye aliyemfundisha kupiga nanga, ala ya nyuzi ya kwao. Akaishia Ufaransa, ambako nani alijua Kiacholi, lugha ya kwao? Lakini albamu yake ya kwanza ilipotoka mwaka 1990 aliimba humo Kiacholi na Kiswahili, akapiga nanga na lukeme, ile ala ya kupigwa kwa vidole gumba, na Ulaya ikakaa ikamsikiliza. Yule alipoteza baba na nchi, sauti akabaki nayo. Wewe hujafukuzwa na mtu.

Na hili nawaambia wote, maana barua za namna hii zimekuwa nyingi. Siku hizi watu wanaoa wakitafuta shabiki. Mume akipakia picha anataka mke awe wa kwanza kusifu, mke akifungua duka anataka mume apige makofi hata kama hesabu haziendi. Shabiki atakushangilia hadi ukingoni mwa shimo. Wa nyumbani atakushika shati, na shati likichanika usimlaumu. Wazee wetu walipotafuta mchumba waliuliza kama ana macho ya kuona na mdomo wa kusema. Wewe ulimpata wa hivyo bila kuhangaika, sasa unamlalamikia kwangu.

Ile akiba usiiguse. Hiyo si akiba, ni mtaji. Samaki aina ya angara hatoki Pakwach kwa sifa za studio, anatoka kwa pesa taslimu, na ugali unaokula usiku unatoka humo humo.

Jumamosi hii nenda kwa mtu uliyemuuzia adungu. Akitaka faida, mpe faida. Kama ameshaiuza, ifuate ilikokwenda. Ukiipata, irudishe kwenye msumari wake na usitoe hotuba. Ngojea mkeo amalize kuosha mabeseni yake, kisha kaa chini, kaza nyuzi, mwambie akusaidie kusikiliza ipi bado imelegea. Masikio anayo.