Michoro ya msimbo ilikaa kwenye folda miaka saba: jinsi NFT zilivyoniletea watazamaji

Mkuu, swali lako nimelibeba mwenyewe kwa miaka. Unasema unaandika programu zinazochora, una maelfu ya picha kwenye folda, ukizibandika mtandaoni zinapata mioyo kumi na kupotea, na sasa unataka kujua kama NFT, yaani tokeni za kidijitali zinazoonyesha nani anamiliki kazi kwenye blokcheni (daftari linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja), zinaweza kukupatia watu wa kuitazama kazi yako au wakati wake umeshapita. Nitakujibu kwa yaliyonipata mimi. Ni marefu, nivumilie.

Kwanza kwa wanaosoma pembeni: hatuzungumzii picha za akili bandia, zile ambazo mtu anaandika sentensi na modeli inamletea mchoro. Sanaa zalishi hii ni ile ambayo msanii anaandika kanuni mwenyewe, mstari kwa mstari: chora duara hapa, pinda mstari kadiri ya namba hii, acha nafasi pale. Kisha anaingiza bahati nasibu ndani ya kanuni hizo na kuiachia kompyuta itekeleze. Wala si jambo la jana. Georg Nees na Frieder Nake walionyesha michoro ya kompyuta mjini Stuttgart mwaka 1965. Vera Molnár alianza kutumia kompyuta mwaka 1968 huko Paris, na kabla ya hapo alikuwa akizifuata kanuni zake kwa mkono, kana kwamba mashine ni yeye. Casey Reas na Ben Fry walianzisha Processing, zana ya kuandikia programu zinazochora, mwaka 2001, na hiyo ndiyo niliyojifunzia mimi.

Sanaa ilikuwepo, basi, na wasanii walikuwepo. Watazamaji ndio walikuwa wachache, na ilinichukua muda mrefu kuelewa kwa nini.

Kwa miaka saba nilifanya hivi: naendesha programu mara mia mbili kwa usiku mmoja, nachagua picha moja iliyotoka vizuri kuliko zote, naibandika. Watu waliona picha moja nzuri. Hawakuona kwamba mistari ile ile ya msimbo ingeweza kutoa nyingine iliyo tulivu zaidi, au yenye vurugu zaidi, na kwamba zote ni ndugu wa tumbo moja. Nilikuwa nawaonyesha mtoto mmoja na kuwaficha ukoo. Picha moja peke yake inashindana na kila picha nyingine inayopita kwenye simu ya mtu siku hiyo. Ya kwangu ilishindwa, na sasa sishangai.

Kilichonifungua macho ni namna Art Blocks, jukwaa la NFT za sanaa zalishi, ilivyofanya kazi. Erick Calderon aliianzisha Novemba 2020 juu ya Ethereum, mojawapo ya blokcheni kubwa, na mpango wake ni huu: msanii anaweka programu yake kwenye blokcheni na kutangaza idadi ya matoleo, yaani picha tofauti ambazo programu hiyo itatoa, labda 500, labda 1,000. Mnunuzi haoni picha kabla. Anapominti, yaani anapolipa na toleo lake kuundwa palepale, tokeni yake inapewa heshi, mfuatano wa herufi na tarakimu 64 ambao hakuna aliyeuchagua. Heshi hiyo inakuwa mbegu, yaani mahali bahati nasibu ya programu inapoanzia, na mbegu ndiyo inayoamua rangi, unene wa mstari, mpangilio, kila kitu. Mbegu ileile itatoa picha ileile leo na miaka kumi ijayo.

Msanii naye haoni. Tafakari hilo, mkuu, kwa sababu jibu langu lote limekaa hapo. Huwezi tena kuchagua ile moja nzuri. Kila kitakachotoka, kimetoka, kina mwenyewe, na kina jina lako. Lazima programu iwe imara kiasi kwamba toleo namba 7 na toleo namba 803 yote yasimame yenyewe, na wakati huohuo yasifanane mpaka mtu achoke akifika la kumi. Tyler Hobbs, aliyetoa Fidenza Juni 2021 ikiwa na matoleo 999, aliueleza vizuri ugumu huu katika maandishi yake ya mwaka huo. Uangalie mfululizo ule wote, siyo ile michache iliyouzwa kwa mamilioni. Utaona vijito vya rangi vinavyopindana bila kugongana, na katika yote 999 unatambua mkono mmoja.

Au chukua Ringers ya Dmitri Cherniak, ya mwanzoni mwa 2021. Kanuni yake unaweza kumweleza mtoto: vigingi na kamba, kamba inazungushwa kwenye vigingi kwa njia mbalimbali. Matoleo 1,000. Toleo namba 879 lilitoka na umbo la bata bukini. Hakuna mstari wowote katika programu ile unaosema bata. Watu waliliona, wakalipa jina, wakalisimulia, na Juni 2023 likauzwa kwenye nyumba ya mnada ya Sotheby's kwa zaidi ya dola milioni 6. Bei hiyo iache kando. Kinachonigusa ni kwamba watazamaji ndio waliolikuta lile bata, na hata msanii mwenyewe hakuwa amelipanga. Mtu aliyewahi kugundua kitu ndani ya kazi yako hakusahau, na hilo ndilo nililolikosa miaka saba yote.

Sasa ya kwangu. Nilianza Desemba 2021 kwenye fxhash, jukwaa jingine la sanaa zalishi, lililokuwa limefunguliwa mwezi mmoja tu kabla. Niliichagua kwa sababu mbili. Art Blocks ilikuwa na mchujo, wakati fxhash yeyote aliweza kuweka mradi wake bila kuomba ruhusa. Pia ilitumia Tezos, blokcheni nyingine, ambayo ada zake zilikuwa ndogo sana na haikuhitaji ule uchimbaji unaokula umeme, ambapo kompyuta hushindana kwa mahesabu ili kuthibitisha miamala. Ethereum wakati huo ilikuwa bado inachimbwa. Iliuacha uchimbaji Septemba 15, 2022, na matumizi yake ya umeme yakashuka kwa zaidi ya asilimia 99. Kwa hiyo kama suala la umeme ndilo linalokuzuia, limepungua mno.

Mradi wangu wa kwanza uliharibika, na nataka uujue uharibifu wenyewe. Programu yangu ilitumia kitendakazi cha kawaida cha JavaScript cha kutoa namba za bahati nasibu badala ya kile kinachosoma mbegu ya tokeni. Nilikibadilisha karibu kila mahali. Nilisahau mahali pamoja tu, kwenye sehemu inayochagua pembe za mistari. Matokeo yake, kila mtu alipofungua toleo lake upya, mistari ilikaa tofauti. Mama mmoja aliniandikia kwa upole kwamba picha aliyoipenda ilipotea alipoufunga ukurasa, na hajui aipate wapi. Nilikaa na ujumbe ule usiku kucha. Nilikuwa nimempa kitu halafu nimemnyang'anya bila kujua. Nilisimamisha mradi, nikaomba radhi hadharani, nikaandika programu upya na kumpelekea kila aliyeminti toleo la mradi uliorekebishwa bila malipo. Walikuwa watu 38. Kumi na wawili kati yao bado wananifuata hadi leo, na nadhani kilichowabakiza ni namna nilivyowajibu siku ile zaidi ya michoro yenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuweka chochote: fungua toleo lilelile mara hamsini, kwenye kivinjari tofauti, kwenye simu, kwenye skrini kubwa na ndogo. Lazima itoke picha moja. Ukubwa wa skrini ni mtego mwingine. Ukipima urefu kwa pikseli badala ya sehemu ya upana wa turubai (eneo la kuchorea), mwenye skrini kubwa atapata nyuzi nyembamba mahali ulipokusudia kamba nene.

Mradi wa pili ulinichukua miezi mitano. Matoleo 64 tu. Ulikuwa uga wa mtiririko: unagawa turubai kwa gridi, kila kijisehemu unakipa pembe kwa kutumia kelele ya Perlin, namba za bahati nasibu zinazobadilika taratibu, ambayo Ken Perlin aliibuni miaka ya 1980 kwa ajili ya michoro ya kompyuta, kisha unaachia mistari ielee kwa kufuata pembe hizo. Ni mbinu ambayo kila mtu anaifahamu, na ndiyo sababu ilinibidi nihangaike nayo hadi ifanane na mimi. Kila jioni nilitoa picha 400 na kuzipanga kama vigae kwenye ukurasa mmoja. Sikutafuta nzuri. Nilitafuta mbaya. Nikikuta mbaya, naandika mbegu yake, naifuata ndani ya programu hadi nijue ni kanuni gani mbili ziligongana, narekebisha, natoa nyingine 400. Mwanzoni mbovu zilikuwa themanini hivi katika kila 400. Nilipotoa mradi zilikuwa mbili au tatu, na hizo nazo nilikuwa tayari kuzitia sahihi.

Kazi hiyo ndiyo iliyonifanya msanii, nasema kwa dhati. Miaka saba ya kuchagua ilinifundisha kuchagua. Miezi mitano ya kutochagua ilinifundisha kutunga.

Matoleo 64 yaliisha kwa siku tisa. Siku ya nne mtu mmoja, simfahamu uso hadi leo, aliandika kwenye mazungumzo ya mradi kwamba namba 41 ina mahali karibu na kona ya chini ambapo mistari yote inakwepa kitu kisichokuwepo. Nikafungua, nikaona. Kweli, kulikuwa na tundu, kama jiwe ndani ya mto, na mimi sikuwahi kuweka jiwe. Wengine wakaanza kulitafuta jiwe kwenye matoleo yao. Wakalipata kwenye sita. Kwa wiki mbili watu ambao hawakununua chochote walikuwa wanapitia picha zote 64 na kubishana ni lipi jiwe na lipi si jiwe. Mkuu, huko ndiko kutazamwa nilikokuwa nakutafuta. Niliishia kuandika maelezo ya kanuni ile kwa lugha rahisi na kuyaweka wazi pamoja na msimbo, na maelezo hayo yakaleta watu wengi kuliko picha yoyote niliyowahi kubandika.

Kuhusu fedha sitakudanganya. Soko lilianguka katika mwaka 2022 na halijarudi lilipokuwa. Mrabaha wa asilimia fulani kwa kila mauzo ya baadaye, ambao wengi wetu tuliuhesabu kama kipato, ulidhoofika masoko makubwa yalipoufanya kuwa wa hiari mwaka 2023. Waliokuja kununua asubuhi na kuuza jioni waliondoka wote. Katika wafuasi wangu wa wakati ule, nakadiria robo ndiyo waliobaki, na robo hiyo ndiyo inayofungua kila mradi, inauliza, inakosoa. Usiache kazi kwa ajili ya hili. Usikope pia.

Umeuliza kitakachotokea jukwaa likifungwa. Inategemea vitu vyako viko wapi. Hic et Nunc, jukwaa la NFT lililoanza Machi 2021 juu ya Tezos, lilizimwa na mwanzilishi wake Novemba mwaka huohuo. Lakini tokeni zilikuwa kwenye blokcheni na faili zilikuwa kwenye IPFS, mtandao wa kuhifadhi faili kwenye kompyuta za watu wengi, kwa hiyo jumuiya ikasimamisha kurasa mbadala haraka, na jukwaa la Teia limetokana na hapo. Angalia basi msimbo wako unahifadhiwa wapi. Ukikaa kwenye blokcheni yenyewe ni salama zaidi, ila nafasi ni ghali na inakulazimu uandike kwa ufupi. Ukikaa kwenye IPFS, hakikisha kuna zaidi ya mtu mmoja anayeitunza nakala, na wewe uwe mmoja wao.

Na kuhusu wasiwasi wako kwamba umechelewa: Molnár alikuwa na miaka 99 alipotoa mfululizo wa matoleo 500 pamoja na msanii Martin Grasser, Julai 2023, kupitia Sotheby's. Alifariki Desemba mwaka huo. Alikuwa amefanya kazi hii miaka zaidi ya hamsini kabla wengi wetu hatujasikia neno NFT, na matoleo yale bado yanafunguka kwa yeyote anayetaka kuyatazama.

Ushauri wangu kwako ni mdogo: chagua mradi mmoja kwenye folda yako, ule unaoujua hadi usingizini, usianze mpya. Anza na matoleo 32 au 64. Weka bei ambayo mtu anayeanza kukusanya hatasita. Kaa kwenye mazungumzo wiki mbili za mwanzo na ujibu kila mtu kwa jina.

Lakini kabla ya yote hayo, washa programu yako leo usiku, utoe picha 100 mfululizo, uzibandike hapa chini zote bila kuondoa hata moja. Nitazipitia kesho na kukuonyesha mbegu zile ambazo mimi ningezifuatilia kwanza.