Magari kwenye njia ya kurukia ndege: maswali yenu na majibu

Maswali ya safari hii yametoka kwa madereva, marubani na msimamizi mmoja, wote wa viwanja vidogo vya ndege. Vingi kati ya viwanja hivyo havina mnara wa kuongozea ndege, na vingine mnara wake hufungwa mapema. Nimeyafupisha kidogo bila kubadilisha maana.

Naendesha trekta la kukata nyasi kwenye kiwanja kisicho na mnara. Kabla ya kuvuka njia ya kurukia ndege nasikiliza redio. Ikiwa kimya, navuka. Si inatosha?

Haitoshi, ndugu yangu, na jibu hili nitalirefusha kuliko mengine kwa sababu hapa ndipo watu wanapopoteza maisha.

Redio kuwa kimya si ushahidi kwamba hakuna ndege. Katika nchi nyingi ndege ndogo inaruhusiwa kutumia kiwanja kisicho na mnara bila redio kabisa. Yenye redio nayo huenda imewekwa kwenye masafa ya kiwanja kingine, au rubani amepunguza sauti na kusahau kuirudisha. Tena wawili wakizungumza kwa wakati mmoja, wewe unayesikiliza unaambulia mkoromo tu, pengine hata neno moja hulipati.

Sasa fikiria mwendo. Ndege ndogo ya injini moja huja kutua kwa kasi inayokaribia kilomita 120 kwa saa, yaani mita 33 hivi kila sekunde. Ikiwa kilomita 2 kutoka mwanzo wa njia, itakuwa hapo ndani ya dakika moja. Na ikikujia uso kwa uso, huioni ikisogea. Inabaki nukta ile ile angani, kisha ghafla inakuwa kubwa.

Kwa hiyo simama kwenye alama ya kusubiri. Kwa kawaida ni mistari minne ya njano, miwili mizima na miwili ya vipandevipande, nawe unasimama upande wa ile mizima. Shusha kioo, punguza mngurumo wa injini, usikilize kwa masikio yako mwenyewe. Tazama ncha zote mbili za njia hata kama upepo unaonyesha kwamba ndege zinatua kutoka upande mmoja, maana rubani anaweza kuamua vingine. Tazama pia juu, pande zote ambako ndege huzunguka kabla ya kutua. Ndipo utangaze: jina la kiwanja, wewe ni nani, uko wapi, unavuka njia ipi. Subiri kidogo ili mwenye neno alitoe. Ukivuka, vuka moja kwa moja bila kusimama katikati, na ukishatoka tangaza kwamba umetoka.

Hata sauti ikisikika, bado macho yanahitajika. Tarehe 19 Novemba 1996, kwenye kiwanja cha Quincy, jimbo la Illinois, Marekani, ndege ya abiria aina ya Beechcraft 1900 ilikuwa inakuja kutua. Ndege nyingine ndogo, aina ya King Air, ilikuwa imejipanga kupaa kwenye njia nyingine inayokatiza ile ya kwanza. Kiwanja hakikuwa na mnara. Marubani wa Beechcraft waliuliza redioni kama ndege iliyo njiani itawasubiri. Aliyejibu alikuwa rubani wa ndege ya tatu, Piper Cherokee iliyokuwa nyuma ya King Air, nao wakadhani wamejibiwa na King Air. Ndege hizo mbili ziligongana kwenye makutano na watu wote 14 waliokuwamo wakafa. Ndiyo maana nasisitiza utaje wewe ni nani kila unapofungua mdomo redioni, na ukijibiwa uhakikishe anayejibu ndiye uliyemuuliza.

Mimi ni mwanafunzi wa urubani. Niko karibu kugusa ardhi, naona gari njiani. Nifanye nini?

Ghairi kutua. Ongeza nguvu ya injini yote, paa, kisha sogea kidogo pembeni mwa njia ili uendelee kuliona gari. Usingoje kuona kama dereva ataondoka, na usijaribu kulipita kwa juu ili utue mbele yake. Ni kweli kanuni za kimataifa zinalitaka gari liipishe ndege, iwe inatua, inapaa au inatembea ardhini. Lakini dereva ambaye hajakuona hawezi kukupisha. Kughairi kutua ni jambo la kawaida kabisa katika urubani, na mwalimu anayekulaumu kwa kufanya hivyo mapema anakufundisha vibaya.

Rubani anashindwaje kuliona lori zima lenye taa juu?

Anashindwa kwa urahisi kuliko wengi wanavyodhani. Ndege yenye mabawa chini humzuia rubani kuona kilicho chini yake. Yenye gurudumu dogo mkiani hukaa imeinua pua inapokuwa ardhini, hata rubani hulazimika kuipinda kushoto na kulia ili aone mbele. Wakati wa kugusa ardhi pua ya karibu kila ndege huinuka na kufunika sehemu ya njia. Ongeza jua la asubuhi usoni na lori la kijivu juu ya lami ya kijivu.

Ndiyo maana Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga linataka gari linaloingia maeneo ya kupitia ndege liwe na taa ya njano inayomweka. Magari ya dharura na ya ulinzi hutumia ya buluu. Mchana gari linaweza kutumia bendera ya mirabaraba, nyekundu au ya rangi ya chungwa pamoja na nyeupe, isiyopungua sentimita 90 kila upande. Gari lenyewe lipakwe njano kali ikiwezekana. Usiku taa hizo zisaidiwe na tabia ya dereva: unapokagua njia, endesha ukielekea upande ambako ndege zinatokea. Ukiipa mgongo ndege inayotua, umebaki kumtegemea rubani peke yake akuone.

Tusidhani mambo haya ni ya viwanja vidogo tu. Usiku wa tarehe 20 Oktoba 2014, katika kiwanja kikubwa cha Vnukovo mjini Moscow, ndege ndogo ya Falcon 50 ilikuwa inakimbia ipae ikagonga gari la kuondoa theluji lililokuwa limeingia njiani. Wote wanne waliokuwamo ndegeni walikufa, akiwamo Christophe de Margerie, mkuu wa kampuni ya mafuta ya Total. Mnara ulikuwapo, na waongoza ndege walikuwa kazini.

Kwetu mnara upo. Redio ya gari ikizimika nikiwa katikati ya njia?

Toka kwanza, kwa upande ulio karibu zaidi, hadi uwe nje ya alama ya kusubiri. Halafu utazame mnara. Mwongoza ndege anaweza kukumulikia taa: kijani inayomweka ni ruhusa ya kuvuka, nyekundu isiyomweka ni simama, nyekundu inayomweka ni ondoka njiani na ujihadhari na ndege, nyeupe inayomweka ni ondoka kabisa eneo hilo. Taa za njia yenyewe zikianza kumweka, maana yake ni ondoka na utazame mnara. Bandika orodha hii mbele ya usukani.

Gari la zimamoto likiwa kazini linaingia popote, sivyo?

Hapana. Likienda kusaidia ndege iliyo hatarini linapishwa na magari na ndege nyingine zote zinazotembea ardhini. Hiyo si ruhusa ya kuingia njia ya kurukia bila waongoza ndege kujua, sembuse wakati wa mazoezi. Tarehe 18 Novemba 2022 huko Lima, Peru, ndege ya Airbus A320 ya LATAM ikiwa inakimbia kupaa iligonga gari la zimamoto lililokuwa kwenye zoezi. Abiria walipona. Waliofariki walikuwa wazimamoto wenyewe, na naandika haya kwa uchungu kwa sababu walikuwa wakijifunza kuokoa wengine.

Nasimamia kiwanja kidogo na fedha ni chache. Nianzie wapi?

Anza na barabara ya kuzunguka kiwanja, hata ya vumbi. Gari lisilokuwa na sababu ya kuvuka halitavuka, na hakuna kifaa kinachoshinda hilo. Vipo vyombo vya kufunga garini ili rubani alione kwenye skrini yake, na ni vizuri, ila havitamsaidia mwenye ndege isiyo na skrini hiyo.

Kazi ndefu kama kukata nyasi kando ya njia zipangiwe saa maalumu na marubani watangaziwe kabla. Ikibidi, funga njia kabisa na uweke alama kubwa ya X ncha zote mbili. Mageti yafungwe kwa kufuli. Kila dereva apewe ramani ya kiwanja na apimwe kwa vitendo kabla ya kupata kibali, kisha arudie kila baada ya muda.

Wasiwasi wangu mkubwa ni mafundi wa nje wanaokuja siku moja kuziba mashimo ya lami. Hawajui mistari, hawana redio, na wanaona eneo kubwa tupu. Wasiachwe peke yao. Gari lenye redio litangulie, na anayeliendesha asitangaze kwamba njia iko wazi mpaka amehesabu magari yote yaliyotoka na kuona idadi ni ile ile aliyoingia nayo.