Kobe wa maji macho yamevimba na gamba limelainika, nifanyeje?

SWALI: Daktari habari. Niko Ntinda hapa Kampala, niliwanunulia watoto kobe wa maji mdogo, wa kijani mwenye alama nyekundu pembeni ya kichwa. Anakaa ndani kwenye beseni karibu na dirisha ili apate jua, tunampa nyama ya kusaga na mkate. Sasa macho yamevimba hafungui, hali chakula, na gamba ukilibonyeza linabonyea. Nimemtia dawa ya macho ya watu lakini wapi. Nisaidie.

JIBU: Pole sana dada yangu. Hiyo dawa ya macho weka pembeni, maana ugonjwa haukuanzia machoni. Macho kuvimba hivo kwa kobe wa aina hii mara nyingi ni upungufu wa vitamini A, gamba kulainika ni kalsiamu na vitamini D, halafu maji machafu yanazidisha. Yote ni matunzo, na ukiwahi anaweza kupona.

Tuanze na hilo dirisha kwa sababu hapo ndo watu wengi wanapotea. Kioo kinapitisha mwanga na joto lakini miale ya UVB, ambayo ngozi yake inaitumia kutengeneza vitamini D3, karibu yote inazuiwa, kwa hiyo huyo kobe ameishi bila jua hata kama ulikuwa unamwona amelala kwenye mwanga kila siku. Bila D3 kalsiamu ya chakula haiingii vizuri mwilini, na mwili unaanza kuitoa kwenye mifupa na gamba. Wenzetu Ulaya wananunua taa za UVB na kuzibadilisha kila baada ya miezi, sisi tuko ikweta jua tunalo bure! Mtoe nje asubuhi nusu saa hivi mpaka saa nzima, kwenye beseni pana lenye maji kidogo, jiwe la kupanda akauke kabisa, na upande mmoja uwe kivuli ajifiche akisikia joto. Tangi la kioo usiliweke juani kabisa, maji yanapanda joto haraka anakufa humo. Na funika kwa wavu, karoli (wale korongo wakubwa wa jalalani) na kunguru wakimwona wanambeba.

Mkate acha leo leo. Nyama tupu ina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo mno, mpe mukene, yaani dagaa, mzima na mifupa yake (usiwe na chumvi), minyoo ya ardhini, sukuma iliyokatwa ndogo, karoti iliyokunwa, na ini la kuku kidogo mara moja kwa wiki. Dodo, yaani mchicha, isiwe ya kila siku, ina oksalati inayoshika kalsiamu.

Ila kwa sasa haoni, na asiyeona hali, kwa hiyo chakula peke yake hakitatosha, mpeleke kwa daktari wa wanyama wadogo apimwe na kama inafaa apewe vitamini A kwa kipimo. Nakuomba sana usinunue ile sindano ya vitamini ya ng'ombe kwenye duka la dawa za mifugo ukamchoma mwenyewe, ikizidi ngozi inachubuka na anaweza kufa.

Maji ya beseni badilisha kila siku, anakula na kunya humo humo. Ya bomba yaache usiku kwenye ndoo wazi klorini ipungue. Ya ziwani usichote, kuna kichocho. Joto liwe 26 mpaka 28, na usiku wa Kampala unashuka mpaka 17 hivi, kwa hiyo tafuta hita ndogo ya tangi na kipimajoto. Ukiona anaelea ameinama upande mmoja, au anatoa mapovu puani, hiyo ni nimonia, mpeleke siku hiyo hiyo.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakimgusa, na beseni lake lisioshewe jikoni, kobe wanabeba vijidudu vya salmonela, vinavyoharisha watu, hata wakiwa wazima. Marekani walipiga marufuku kuuza wenye gamba chini ya inchi 4 mwaka 1975 kwa sababu hiyo.

Gamba litachukua miezi kukaza. Mpime uzito kila wiki kwenye mizani ndogo uandike, ukishuka wiki mbili mfululizo mrudishe kwa daktari. Na akikushinda usimwachie ziwani tafadhali, huyu asili yake Marekani, atawasumbua kobe wetu wa huku, ongea na watu wa UWEC, kile kituo cha elimu ya wanyamapori pale Entebbe, wakushauri.