Boda ya karibu, mwendo mdogo: helmeti ya nini? Jibu langu kwa dada aliyehamia Mbeya

Dada, umeuliza kama kuna haja ya kuvaa helmeti kwenye boda ya kila asubuhi kutoka Isyesye kwenda Kabwe, maana ni karibu, milima hairuhusu kukimbia, na helmeti ya kijiweni inanuka na kuharibu nywele. Mdau mmoja amekujibu kwamba helmeti ni ya safari ndefu za barabara kuu. Mimi nimebeba abiria kwa boda hapa mjini miaka mingi, na hadi leo pikipiki ndiyo usafiri wangu. Vaa. Tena vaa hasa kwa sababu ya hizo safari za karibu.

Tuanze na huo mwendo mdogo. Ukiwa umekaa juu ya pikipiki, kichwa chako kiko kama mita 1.6 kutoka ardhini. Kikidondoka kutoka hapo, pikipiki ikiwa imesimama kabisa, kinafika chini kwa kasi ya kilomita 20 hivi kwa saa. Hapo bado hujaongeza kasi ya pikipiki. Na chini kwetu huku kuna nini? Mawe, kingo za mitaro ya zege, na masika udongo unateleza hadi mtembea kwa miguu anaushika ukuta.

Halafu abiria yuko pabaya kuliko dereva. Dereva ameshika usukani na anaona shimo linakuja. Wewe umeshika mkoba, na mara nyingi umekaa upande kwa sababu ya sketi au kitenge. Kwenye mlima, boda akiondoka kwa gia ya kwanza pikipiki inavuta ghafla, gurudumu la mbele linakuwa jepesi, na abiria anakwenda kinyumenyume. Kinachotangulia chini ni kisogo. Nimeona mama mmoja akianguka hivyo mbele ya kijiwe chetu, pikipiki haijaenda hata hatua tatu. Aliinuka, akajipangusa, akasema yuko salama, akaenda sokoni. Jioni alianza kutapika na kuongea maneno yasiyoeleweka. Walimkimbiza hospitali, akapona, lakini ilichukua muda mrefu sana.

Hali hiyo madaktari wanaijua vizuri: mshipa unapasuka, damu inajikusanya kati ya fuvu na ubongo, na kwa saa kadhaa mtu anaongea na kutembea kama kawaida. Mwigizaji Natasha Richardson alikufa kwa jeraha la namna hiyo Machi 2009. Alikuwa akijifunza kuteleza kwenye theluji huko Canada, kwenye mteremko wa wanaoanza, bila helmeti. Alianguka, akainuka, akasema hana tatizo. Siku 2 baadaye alifariki. Ule mteremko wa wanaoanza ndio Isyesye–Kabwe yako, dada yangu.

Mdau mwingine kasema lori la mizigo likikupitia pale Iwambi helmeti haikusaidii. Ni kweli kuna ajali ambazo hakuna kofia ya kuzishinda. Lakini mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa mwaka 2008 na Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa afya, yalionyesha kuwa helmeti inapunguza uwezekano wa mwendesha pikipiki kufa ajalini kwa asilimia 42, na wa kuumia kichwa kwa asilimia 69. Mimi siwezi kuidharau tofauti hiyo.

Kuhusu harufu na nywele, hapo sikupingi hata kidogo. Kofia moja inavaliwa na watu kutwa nzima, jasho na mba vyote vinabaki humo. Kwa hiyo nunua yako, uingie nayo ofisini bila kuona haya. Mpaka hapo utakapoipata, beba mtandio mwepesi wa pamba, funga kichwa kwanza, kisha vaa ya boda juu yake. Usivae mzula mnene ndani, hata Juni na Julai baridi inapouma. Unaifanya helmeti icheze. Kioo kikijaa ukungu asubuhi, kipandishe kidogo, usiivue.

Na ufunge mkanda wa kidevuni! Hili linaniumiza kuliko yote, kwa sababu kila siku napishana na abiria waliovaa helmeti huku mkanda unapepea. Ukianguka inachomoka kabla kichwa hakijafika chini. Mkanda wa boda ukiwa umekatika, panda boda mwingine. Mwambie kabisa, "Kaka, subiri nifunge," na asiondoke kabla hujamaliza.

Ukienda kununua Mwanjelwa, nenda mchana na usiangalie rangi. Bonyeza ndani: chini ya kitambaa lazima kuwe na povu gumu nene, kwa sababu povu hilo ndilo linalobonyea na kumeza kishindo. Kama ni plastiki na sponji laini tu, rudisha. Tafuta alama ya kuonyesha imepimwa usalama, yaani herufi E ndani ya duara, nyuma au kwenye mkanda, ingawa nayo hughushiwa, kwa hiyo povu ulikague hata kama alama ipo. Chagua inayofunika hadi kidevu. Ivae, funga, tikisa kichwa: ikizunguka peke yake, ni kubwa. Za mtumba ziache, maana povu likishabonyea kwenye ajali halirudi, na kwa nje huwezi kuona.